Kitambaa Chini ya Kompyuta

Jumanne, Tanga. Joto, upepo hakuna.

Kompyuta yangu ya mpakato haina ugonjwa. Amesema hivyo leo asubuhi Mwanaidi, fundi wa kompyuta wa mtaa wa Nguvumali, baada ya kuifungua na kuifunga mbele yangu.

Ina miezi mitano inazimika yenyewe, habari ninayoiandika ikiwa katikati. Wiki iliyopita nilinunua kibao cha kupoozea, kile chenye feni mbili cha kuweka chini yake. Jana nikapima kwa saa ya ukutani. Bila kibao ilizimika baada ya dakika kumi na nane. Ikiwa juu ya kibao, ishirini na moja.

Dakika tatu. Nilikwenda kwa Mwanaidi kumwambia kibao hakifai.

"Nyumbani unakiweka juu ya nini, mzee wangu?"

"Juu ya meza."

"Meza tupu?"

Mimi ni mwandishi wa habari, nimewauliza watu maswali ya namna hiyo maisha yangu yote. Najua yanakoelekea.

"Kuna kitambaa. Kipo juu ya kibao, kompyuta juu yake."

"Cha kufuma?" Akacheka mpaka akaweka bisibisi chini. "Jamani mzee! Joto hili, na wewe umeitandikia shuka! Inavuta hewa kwa chini hiyo. Kibao chako kizima. Toa kitambaa."

Hakujua ananiambia nitoe nini.

Mke wangu, Mwajuma, alianza kufuma miaka ya foleni za sukari. Uzi haukuwepo, akawa anafumua masweta makuukuu. Maduka yalipojaa tena hakuacha, alizidisha. Redio ikapata kitambaa, kisha televisheni, kisha friji. Kompyuta ilipata cha mwisho, cheupe chenye ukingo wa kijani. Alisema kitu cha kazi hakikai mezani uchi.

Alifariki miezi mitano iliyopita.

Leo mchana nilikitoa. Saa mbili na nusu zimepita, kibao kinazunguka, kompyuta haijazimika. Jibu la swali langu ni kwamba kibao kinasaidia. Ningeweza kuishia hapo.

Lakini kitambaa hiki kilikuwepo miaka miwili kabla ya msiba, na kompyuta haikuzimika hata siku moja. Nikakaa nikakumbuka. Kila asubuhi alipoleta chai aliinyanyua kompyuta kwa mkono mmoja, akakivuta, akakikunja na kuondoka nacho. Nikimaliza kazi anakirudisha. Nilidhani ni pilikapilika zake za nyumba. Nilikuwa nikisogeza viwiko kumpisha, bila kuinua macho.

Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

Ajali za watu wengine nimeziandika kwa saa na dakika. Hii ilizuiwa mbele yangu kila siku, sikuona.

Sasa kitambaa kipo mapajani. Kesho saa mbili asubuhi naanza kazi, nitakikunja mwenyewe. Saa nane mchana nitakirudisha.