Mama Hatunaye

Jumatatu, 3 Machi

Miezi saba leo tangu tuweke tangazo. Watu kumi na mmoja wamekuja kuiona nyumba, hakuna hata mmoja aliyerudi. Dalali anasema soko limelala. Basi liamke!

Dalali kaja saa kumi na moja jioni, mimi ndiyo kwanza nimetoka kazini, miguu inawaka moto. Akazunguka vyumba vyote, mikono nyuma kama mkaguzi wa shule. Akasema nyumba yenyewe haina neno, ila ina watu mno. Nikamwambia tuko wawili tu, mimi na Mama. Akasema ndiyo hapo hapo — mteja akiingia anaona maisha ya wengine, hajioni yeye. Kwa hiyo: rangi mpya. Picha zishuke. Makochi yapungue. Harufu ya dawa ya kuchua itoke. Na Mama asiwepo wateja wakija.

Hilo la mwisho kalisema kwa sauti ya chini, lakini Mama ana magoti mabovu, si masikio. Na sababu naijua. Mteja wa mwezi uliopita aliuliza, maji vipi? Nikasema hakuna shida. Mama, kutoka kwenye kochi lake: hakuna shida, isipokuwa Jumanne na Alhamisi. Na lifti, hiyo siku zote. Yule bwana alishuka ngazi kama anafukuzwa.

Alhamisi, 6 Machi

Kaka kapiga simu. Mwenye kile kinyumba cha chini tunachotaka kumnunulia Mama, ukuta kwa ukuta na kwake, atasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Baada ya hapo anampa mtu mwingine. Nikamuuliza Kaka sasa mimi nifanyeje, niwakamate watu barabarani? Akasema nisimpandishie yeye sauti.

Ghorofa ya nne. Ngazi sabini na mbili. Mama hajazishuka tangu Novemba, na ile Novemba hakuzishuka, alibebwa kwenye kiti na wanaume wawili kwenda hospitali. Alijifunika uso kwa mtandio njia nzima. Kile kinyumba mlango wake unafunguka uani moja kwa moja, hakuna hata kizingiti. Anachotaka ni hicho tu. Kutoka nje kwa miguu yake, akae, arudi ndani akitaka.

Jumapili, 9 Machi

Rangi. Fundi kasema atakuja wiki ijayo, na wiki ijayo ya fundi naijua. Nimepaka mwenyewe. Mwenye duka aliniambia ni nyeupe ya maziwa. Ukutani imekauka rangi ya meno ya mvuta sigara — nayaona kila siku pale kliniki ya meno kazini, siwezi kukosea. Nimerudia mkono wa pili. Afadhali kidogo.

Kochi la Mama limeingia chumbani kwangu, sasa napita kwa ubavu. Yeye yuko sebuleni kwenye kiti cha plastiki, kama mgonjwa anayesubiri namba yake iitwe. Anasimamia kazi. Pale umeruka! Hapo juu! Wewe binti, unapaka au unapapasa?

Mgongo sina.

Jumatano, 12 Machi

Bawaba mbili za kabati la jikoni. Mpira wa bomba la bafuni. Balbu kubwa sebuleni. Mistari ya katikati ya vigae nimeisugua kwa miswaki ya sampuli kutoka kliniki, kumi na minne imekwisha. Vigae kumbe vilikuwa vyeupe! Miaka yote hii nilidhani ni kijivu.

Mama kaja mpaka mlangoni kwa fimbo yake, kaangalia. Akasema: ungeihangaikia hivi tangu zamani, nisingetaka kuhama.

Nikacheka. Halafu nikakasirika, peke yangu, huku nasuuza ndoo. Zamani lini? Nilikuwa na nafasi lini mimi?

Ijumaa, 14 Machi

Jaribio la kwanza la nyumba isiyo na watu. Jirani wa mlango wa pili, fundi cherehani, kakubali kumpokea Mama kila wateja wakija. Ni hatua tisa kukatiza korido. Tumezitembea dakika sita, mimi na mto wake kwapani. Fundi cherehani anafurahi kupata mtu wa kuzungumza naye. Mama anasema yule mwanamke haongei, anamwaga.

Wakaja mke na mume. Mke yuko kwenye simu muda wote. Mume anagonga kuta kwa vidole kama anayechagua tikiti. Wakasema tutawasiliana.

Hatutawasiliana.

Jumanne, 18 Machi

Sijui nianzie wapi.

Dalali kaleta mtu leo. Jumanne! Nilimwambia siku yoyote isipokuwa Jumanne na Alhamisi, naye kanijibu sawa dada, sawa dada. Mtu mwenyewe wa makamo, mpole, amevaa miwani na nyingine inaning'inia shingoni kwa kamba. Nimemwita Bwana Miwani. Akafungua bomba la jikoni. Bomba likakohoa upepo. Hapakuwa na pa kujificha, nikamwambia ukweli. Akacheka! Anakoishi maji hukatika siku nne kwa wiki. Lifti? Daktari wake kamwamuru apande ngazi. Nikaanza kupata moto moyoni, nikawa hata nasahau kuchoka.

Kakaa kwenye kiti cha plastiki, kaangalia dirisha kwa muda. Akasema dalali alimwambia nyumba ni ya mama yangu. Akauliza, na mama yuko wapi?

Nikasema: Mama hatunaye.

Nilitaka kusema hatunaye leo. Wallahi nilitaka kusema leo! Hiyo ndiyo kazi yangu pale mapokezi, mara ishirini kwa siku: daktari hatunaye leo, njoo kesho. Lile neno la mwisho likabaki mdomoni, sijui kwa uchovu au kwa furaha ya yale ya lifti.

Bwana Miwani akavua miwani. Poleni sana, akasema, poleni sana dada yangu. Machozi yakamlengalenga. Na yeye kamzika mama yake mwaka jana, bado hajazoea.

Na mimi nikasema nini? Nikasema ahsante, tumeshapoa.

Tumeshapoa! Nimeitikia pole ya msiba wa mama yangu, na wakati huo huo ng'ambo ya korido namsikia anacheka na fundi cherehani.

Akasema hatakaa kubishana bei na wafiwa. Jumamosi saa nne atamleta mkewe, mkewe akiipenda wanalipa mara moja. Walipotoka dalali kabaki nyuma, kanibana mkono. Dada, umecheza! Nikamwambia sikucheza, ulimi umeteleza. Akasema basi uteleze hivyo hivyo.

Mama kaniuliza vipi. Nimesema kapenda. Akapiga makofi mawili, polepole.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia Kaka nikiwa kazini, nimejibanza kwenye stoo ya glavu. Kacheka mpaka kakohoa. Halafu kasema niache hivyo hivyo mpaka watie sahihi.

Nikamuuliza, hati ina jina la nani? La Mama. Sahihi ya nani inatakiwa? Ya Mama. Kwa hiyo siku hiyo marehemu ndiye atakayeshika kalamu?

Kasema niongee na dalali, yeye atajua la kufanya. Nimeongea na dalali. Kasema yake ni kuleta wateja, ya kufa na kufufuka hayamhusu.

Haya. Nitampigia Bwana Miwani mwenyewe, nimwambie. Nimebonyeza namba yake mara mbili. Mara mbili nimekata kabla haijaita. Zimebaki siku kumi na mbili na sina mteja mwingine. Ukweli ndio huo, na unanitia aibu.

Alhamisi, 20 Machi

Nimemwambia Mama. Nilikuwa namchua magoti, nimeinamisha kichwa, ikawa rahisi.

Kwanza hakuelewa. Nikarudia. Akasema: umeniua? Nikasema sikukuua Mama, nimesahau neno moja. Akacheka mpaka akashika ubavu. Nikacheka na mimi, tukawa wawili tunafuta machozi, na nikaona kumbe mambo yenyewe mepesi, nilikuwa najitesa bure.

Kisha akauliza, alikufa na nini?

Nani?

Mimi.

Nikasema hakuuliza.

Hata hakuuliza! Akatikisa kichwa. Akasema, na wewe ulipopewa pole ulifanyaje? Nikamwambia. Akarudia polepole, tumeshapoa. Hakucheka tena.

Chakula kakigusa tu. Nimemwomba msamaha, akasema wa nini, ni maneno tu. Nikamwambia kesho nampigia yule bwana. Akasema, na kinyumba? Nikafunga chupa ya dawa ya kuchua. Akavuta shuka, akageukia ukutani.

Ijumaa, 21 Machi

Sijapiga.

Jumamosi, 22 Machi

Naandika jikoni, nimesimama, daftari liko juu ya kabati. Wako sebuleni.

Tulipatana saa nne. Nilikuwa na mpango: Mama avuke saa tatu na nusu, wakifika niwaketishe, niwaambie kabla mke hajaona hata chumba kimoja. Nimeyakariri maneno tangu asubuhi. Mama yangu yu hai, samahani, niliteleza. Maneno machache, hata mtoto angeyasema.

Wamekuja saa tatu! Niko bafuni na mswaki na vigae, mikono imejaa povu. Nasikia hodi. Fundi cherehani kenda kumpima bibi harusi, mlango wake umefungwa. Nasikia fimbo ya Mama. Nasikia kitasa.

Bwana Miwani: shikamoo mama. Mama: marahaba, karibuni, karibuni ndani. Bwana Miwani akauliza kama wamekosea mlango. Nikatoka mbio, nimefika sebuleni na povu mpaka kwenye viwiko, nimefungua mdomo —

Mama kasema: hamkukosea. Mimi ni wa mlango wa pili, nimekuja kumsaidia binti kufagia.

Aliniangalia alipokuwa anasema. Si kwa hasira. Ningejua la kufanya na hasira.

Mke akasema jamani, majirani wazuri bado wapo. Bwana Miwani akampa mkono. Na mimi, yale maneno niliyoyakariri yote yamekwenda. Nikasema naweka chai. Nimekimbilia huku.

Mama anawatembeza. Yeye, na yale magoti! Nasikia fimbo, inasimama, inaendelea. Anawaonyesha kabati la ukutani, milango yake haikwami. Anamwambia mke jua la asubuhi linaingia kwa dirisha hili, marehemu alikuwa anapenda kukaa hapa. Maji? Jumanne na Alhamisi hakuna, wekeni pipa. Hata katika uongo hawezi kudanganya. Nimecheka, nimeziba mdomo kwa kitambaa cha vyombo.

Mke kauliza, aliugua sana?

Mama: magoti tu. Mtu hafi kwa magoti.

Mke: wanawe walimtunza?

Mama kavuta pumzi, nimeisikia mpaka huku. Kasema alikuwa mzito kidogo kwa wanawe, hasa huyu wa kike, lakini binti hakuwahi kumwonyesha.

Nilimwonyesha. Nilimwonyesha kila siku. Kwa kufunga milango, kwa kuguna, kwa kumjibu bila kumtazama. Juzi tu nimemwekea dawa mezani kwa kishindo. Alikuwa anaona yote.

Vikombe vinne. Au vitatu? Jirani aliyekuja kufagia anapewa chai? Ndiyo, anapewa. Vinne.

Sasa wamekaa. Bwana Miwani anamwambia mkewe kwa sauti ya chini, lakini nyumba haina vitu siku hizi, kila neno linafika: mimi nimeridhika, wewe je? Mke anasema na yeye ameipenda, hasa mwanga. Ila kuna kitu kimoja anataka kukijua kwanza, wamwie radhi, yeye ndivyo alivyo, hawezi kulala mahali bila kukijua.

Anauliza, marehemu alifia humu ndani?

Fimbo inagonga sakafu mara moja.

Mama anasema hilo yeye hawezi kulijibu. Mwulizeni binti yake.

Maji yamechemka. Mke ananiita. Dada, dada njoo kidogo —