Reli ya Spoki Inayokwenda Mbebe

Tunduma,
Ijumaa mchana.

Kwa Mama yangu,

Shikamoo, Mama. Nakuandikia nikiwa nimekalia ndoo mlangoni kwa Mjomba, mwili wangu mzima, moyo ndio sijui. Vipi huko Mbebe? Goti la Bibi linamruhusu kushuka kisimani au bado mnamchotea? Na yule ndama aliyezaliwa mguu umekunjika, ameshasimama? Huku baridi ya asubuhi imepungua, vumbi ndilo limezidi. Malori yamepanga foleni ya mpakani tangu Jumatatu, mkia wake umepita hadi shuleni kwetu, tunavuka katikati yake tumeziba pua.

Utajiuliza kwa nini nimeandika wakati simu ya Kaka Gwamaka ipo. Mama, simu ile mkiipokea mnaweka sauti ya juu, mnaizunguka watu watano, na mimi naishia kusema "eeh, nzuri, eeh". Hili siwezi kulisema mbele ya watu watano. Barua ataileta Mama Zuhura, jirani yetu wa mitumba, anakuja kuuza nguo Itumba wiki ijayo na amesema atapanda hadi kwetu. Tafadhali isome peke yako kwanza.

Ni kuhusu Mjomba.

Ulipokuja kwenye msiba wa mke wake, uliiona ile meza ya kazi nyuma ya nyumba. Wakati ule ilikuwa na redio mbovu tu. Sasa imebeba reli. Si mchezo wa watoto, Mama, ni reli kweli, ila ndogo. Amelaza mlango wa zamani juu ya meza, na juu ya mlango amejenga Tunduma: stesheni ya maboksi, foleni ya malori ya viberiti, miti aliyoikata kwenye sifongo la godoro na kuichovya rangi ya kijani. Ardhi ameitandaza kwa maganda ya kahawa kutoka Mbozi. Njia yenyewe ni spoki za baiskeli zilizonyooshwa. Kila gurudumu la treni ni washa mbili za chuma, vile visahani vya tundu vinavyokaa chini ya nati, ndogo na kubwa, zimebandikwa pamoja ili ile kubwa ishike ukingo wa reli isianguke. Mota aliitoa kwenye deki ya kuchezea santuri, umeme anautoa kwenye chaja ya simu. Na mataruma, vile vijiti vinavyolala chini ya reli, vimechongwa kwenye mianzi uliyotuma na maharage. Wewe ulidhani tutatengenezea kichanja cha vyombo. Vyombo bado tunaanika kwenye ukuta.

Mama Zuhura humcheka. "Mzee wa Treni! Ndevu zote hizo unacheza vigari?"

Naye humjibu, "Tiketi ukikosa usije kulia hapa."

Lakini mimi ninayeishi naye najua kwamba tangu tumzike mkewe, ni ile meza inayomtoa kitandani. Kila asubuhi, kabla hajaenda kwenye yadi kulala chini ya malori ya watu akiunga waya za taa, anakaa pale nusu saa. Anapanga mataruma kama kumi, anayapaka gundi, analaza spoki mbili juu, anaondoka. Katikati ya spoki anaweka kipande cha bati alichokikata mwenyewe, anakiita kipimo. Kikikaa vizuri katikati, njia ni sawa. Kikicheza, treni itaanguka.

Njia imetoka Tunduma, ikapita Mpemba, na badala ya kufuata reli ya kweli ameikunja kuelekea milimani. Nilimuuliza inakwenda wapi. Akasema, "Kwa dada yangu. Serikali haijaipeleka, naipeleka mimi." Mwisho wa mlango kuna nyumba ndogo kama sanduku la chaki, ina bati jekundu na kuku wawili wa nta. Ni kwako, Mama. Hata ule ufa wa ukutani ameuchora.

Sasa nakuambia kilichonifanya nianze barua hii mara tatu na kuichana mara mbili.

Mikono ya Mjomba inatetemeka. Ilianza wa kulia, mvua zilipoisha. Kwanza kikombe, baadaye vifungo vya shati. Zahanati walimwambia aende hospitali kubwa ya Mbeya akapimwe, wakampa siku ya kwenda, Alhamisi ya jana. Akanikataza kukuambia. "Dada yangu akisikia atapanda gari aje anibebe mgongoni kama zamani. Nyamaza, mpwa wangu." Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ninayoiweza kuliko zote, wewe unajua.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili ni langu peke yangu.

Siku moja nilitoka shule nikayakuta mataruma ya asubuhi yamepinda kama meno ya Bibi. Nilimwonea huruma. Nilijua akirudi saa kumi na mbili atayaona. Gundi ile nyeupe ukiiloweka maji ya uvuguvugu inalegea, basi nikailoweka, nikayang'oa moja moja, nikayapanga upya kwa kile kipimo chake, nikapaka gundi. Nilidhani nafanya mara moja tu. Aliporudi aliinama, akayatazama sana, akacheka peke yake. "Umeona? Asubuhi niliondoka nikijua nimepinda. Kumbe ni macho yananidanganya, mkono uko sawa." Alikula ugali wote siku ile, akakomba na mchuzi.

Ningefanyaje, Mama? Kesho yake nikarudia. Na keshokutwa. Mpaka leo ni miezi mitatu. Yeye anapinda asubuhi, mimi nanyoosha saa kumi. Jioni tunakaa wote tunaisifia njia.

Mwalimu wetu wa Kiingereza alitupa insha kuhusu kitu tunachokipenda nyumbani. Niliandika kurasa mbili kuhusu reli, akaisoma mbele ya darasa, nikaficha uso kwenye daftari. Niliandika kwamba mjomba wangu ana mkono usiotikisika hata lori likipita. Kwa Kiingereza ilinitoka kirahisi, kama vile aliyesema ni mtu mwingine. Kwa Kiswahili siwezi, nakuona unanitazama.

Jumanne, nilipomaliza kunyoosha ya asubuhi, nilimpelekea Mjomba chakula kwenye yadi. Nikamkuta dereva mmoja wa Zambia amesimama juu yake, mrefu, amekasirika, anaongea Kiswahili chake cha mpakani, ambacho mzee huitwa ba mudala na kusemeshwa kwa wingi kama watu wengi.

"Ba mudala, mmenifanyia nini? Nashika breki, taa za nyuma haziwaki! Lori la nyuma limebaki hivi linivae!" Akaonyesha kwa vidole viwili.

Mjomba akajifuta mikono taratibu. "Waya zako zilikuwa zimeoza kabla sijazigusa."

"Mkono wenu unacheza, ba mudala. Nimeuona."

Watu wakageuka. Mjomba hakupandisha sauti. Alisema, "Twende kwangu, ni hapo tu. Nikuonyeshe kazi ya mkono huu." Na kweli akampeleka, mimi nyuma yao na bakuli la maharage. Akamsimamisha mbele ya meza, akachomeka chaja, treni ikatoka stesheni, ikapita Mpemba, ikapanda mlima, haikutikisika hata kidogo. Dereva aliinama mpaka pua ikakaribia spoki. Akaweka kipimo katikati ya reli kama Mjomba alivyomwelekeza. Kikakaa.

"Mkono unaopanga vijiti kama hivi," Mjomba akasema, "utashindwa na waya wa lori?"

Dereva akavua kofia, akashukuru kwa lugha ya kwao. "Natotela, ba mudala. Basi itakuwa ni fundi wa kule ng'ambo, Nakonde, aliyeniharibia." Akaungiwa waya tena na Mjomba huyohuyo, akaondoka na mzigo wake.

Nilisimama pale, Mama. Bakuli lilinichoma vidole. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, sikulisema. Yule mtu alikuwa anaomba radhi kwa kazi ya mikono yangu.

Na Mjomba alipomsindikiza akarudi akinyanyua mabega kama kijana. "Alhamisi siendi Mbeya. Wakanitie masindano ya nini?" Jana ilikuwa Alhamisi. Hakwenda. Alikwenda yadi.

Usingizi sipati vizuri. Kila lori likishika breki barabarani nasikiliza. Nikimwambia Mjomba, nitakuwa nimemwondolea kile kinachomwamsha. Nisipomwambia, ataendelea kuunga waya za watu. Imebaki kipande cha mwisho tu, daraja la mianzi na kama mataruma kumi kufika mlangoni kwako. Ameyapanga leo asubuhi na kusema Jumapili baada ya ibada treni ya kwanza itafika kwa Dada. Nimeyaona. Yamepinda vibaya. Maji ya uvuguvugu nimeshayapasha, yako hapa miguuni pangu, na mimi nimekaa nakuandikia wewe badala ya kuyatumia.

Nishauri, Mama. Ingawa najua ukiisoma hii, Jumapili itakuwa imeshapita.

Jumapili jioni.

Naendelea, maana barua haijaondoka.

Maji yale nilifulia sare. Sikunyoosha. Ijumaa aliporudi giza lilikuwa limeingia na umeme umekatika, hakuangalia meza. Jumamosi aliamkia yadi mpaka usiku, nami nilijitahidi kutopita pale.

Leo tulipotoka kanisani alivaa koti lake la msiba, akamwita Mama Zuhura na viti viwili. Akachomeka chaja. Treni ikaondoka vizuri kama siku zote. Mama Zuhura akapiga kigelegele ilipopita Mpemba. Mimi nilishika ukingo wa meza. Ilipoingia darajani ikayumba, ikapita. Nikadhani labda Mungu amenionea huruma. Kisha ikafika pale reli zilipoachana, tairi la mbele likazama katikati, na treni yote ikalala ubavu kwenye miti ya sifongo, kama shubiri moja kutoka mlangoni kwako.

"Haya, abiria wa Mbebe shukeni, mtamalizia kwa miguu!" Mama Zuhura akasema. Alipoona hatucheki, akasema anaenda kugeuza chapati, na wala hakuwa na chapati jikoni.

Mjomba hakuigusa treni. Alichukua kipimo. Akakiweka pale ilipoangukia, kikapita chini bila kugusa reli. Akakiweka darajani, kikakwama. Akarudi nyuma kidogo, kikakaa sawasawa. Akaendelea kurudi nyuma, pole pole, bati likigongagonga spoki kwa sababu ya mkono, lakini likishafika katikati linakaa. Linakaa. Linakaa. Alirudi hadi Mpemba. Nilikuwa nalia, ila kimya.

Hakunigeukia. Akauliza, "Kuanzia wapi, mpwa wangu?"

Nikanyoosha kidole, nikaonyesha kivuko cha Mpemba.

Akakaa kwenye kiti cha Mama Zuhura. Nilisubiri anifokee, nilitaka anifokee. Akasema, "Kwa hiyo kabla ya hapo ni mimi."

"Ndiyo, Mjomba."

"Ni pazuri eeh?"

"Ndipo pazuri kuliko pote."

Akatikisa kichwa. Halafu akashtuka kama aliyechomwa, akasimama. "Na yule dereva?"

Mama, katika yote niliyoogopa kwamba atayauliza, hilo ndilo lilikuwa la kwanza kwake. Alitafuta namba kwenye daftari lake la kazi. Vidole vikamshinda kubonyeza, nikabonyeza mimi. Mara ya kwanza haikupokelewa. Mara ya pili haikupokelewa. Alikuwa anazunguka meza, koti la msiba limemlegea. Mara ya tatu ikapokelewa, yule mtu alikuwa Mpika, ndani kabisa ya Zambia, amepaki, anakula. Mjomba akamwambia asiwashe gari mpaka fundi mwingine akague waya za breki zote. "Si fundi wa Nakonde. Ni mkono wangu. Ulisema kweli." Tukasikia sahani ikiwekwa chini. Kisha tukamsikia, "Natotela, ba mudala. Mpone."

Mjomba ameniambia treni asiiinue mtu. Ilale hapohapo ubavu mpaka ufike. Vifaa vyake vya yadi amevifunga kwenye gunia na kuvisukuma chini ya kitanda, na hilo limeniumiza zaidi ya treni. Hajala. Sijui kesho asubuhi atakaa wapi hiyo nusu saa yake. Nimemwambia nakuandikia. Hakunikataza safari hii. Alisema hivi, nimeandika maneno yake yote: "Mwambie dada yangu aje anibebe mgongoni. Mwenyewe Mbeya sifiki, nitashukia Vwawa nirudi."

Njoo, Mama. Hata siku mbili.

Mfikishie Bibi shikamoo yangu na umwambie meno yake niliyataja kwa upendo. Kaka Gwamaka mwambie ndama akisimama ampe jina langu. Nisalimie mama wa mashine ya kusaga, na mzee wa kanisa aliyeniombea siku ninaondoka, mwambie bado naongea kwa sauti ndogo ila leo nimesikika.

Ni mimi binti yako asiyeweza simu,

Tusekile.

Mjomba ametaka kuweka jina lake chini yangu ili ujue ameridhia. Imemchukua muda mrefu, na kalamu imetoboa karatasi mara moja. Mstari huo hapo chini ni wake mwenyewe, ndivyo anavyoandika sasa. Sijaunyoosha.

A m b o k i l e