Treni Inayosimama Kila Kijiji

Bautzen, 20 Agosti

Kwako Babu Jurij,

Shikamoo. Sisi hatujambo, na plamu zimeiva mpaka zinadondoka zenyewe. Safari yetu nimeshaipanga: nitakufuata Leipzig, twende Freyburg kwenye sikukuu ya mvinyo, halafu vijiji vya Thuringia vikisherehekea mavuno, kama ulivyozoea kwenda na Bibi, keki yake ya plamu ikiwachafua magoti. Nimechagua treni zinazosimama kila kijiji. Mama ananicheka: "Wewe Hanka, treni hiyo hata konokono ataipita akiipungia mkono!"

Sikumwambia sababu. Siku tuliyomzika Bibi uliniuliza kwa Kisorbia, lugha yetu ya nyumbani, kama nasikia baridi, nami nikakujibu kwa Kijerumani kwamba sisikii, kwa kuwaonea haya binamu zangu wa mjini. Tangu hapo unaniandikia kwa Kijerumani tu. Babu, baridi niliisikia. Nilitaka koti lako.

Barua hii nimeiandika kwa Kisorbia, ya kwanza tangu siku ile. Makosa yamo tele. Usiyasahihishe huko, panda nayo treni, tuna vituo arobaini na kimoja vya kuyasahihisha pamoja.

Mjukuu wako,
Hanka