Funda la Kwanza

Mjukuu wangu Neema,

Huku Marangu hatujambo, na ng'ombe wa mjomba wako kazaa. Picha za baa ya zamani mliyoifufua pale kona ya barabara ya Huanshi, huko kwa Wachina, nimeziona. Mmefanya vyema kuiacha kaunta yake na kupika bia wenyewe.

Unauliza kwa nini wazee wa nyumbani, wanaokuja huko kununua mabegi, wanaisifu bia yenu ya pipa halafu wanaagiza ya chupa.

Nikiwa msichana, mama alipika mbege, pombe yetu ya ndizi, akaniachia nimkaribishe mzee jirani. Nikampa kata imejaa, kwa adabu zote. Akaishika tu, akaanza habari za migomba. Nikadhani mbege imechacha, nikataka kulia. Mama akaingia, akaichukua ile kata, akapiga funda moja, akamrudishia. Mzee akaimaliza.

"Mbege haina neno, binti," akaniambia. "Nilikuwa nakusubiri wewe."

Chupa huja na kizibo chake; kinywaji cha kupika mwenyewe, mwenyeji hukionja kwanza. Basi wakija tena, jimiminie kidogo, unywe mbele yao. Hata mimi nikijaliwa kufika huko, nitaishika glasi yangu vivyo hivyo, nikikutazama.

Bibi yako anayekuombea