Funda la Maji ya Miwa

Baba yangu,

Nakuandikia nikiwa Bura, jikoni kwa mama. Watu wa matanga wamekwenda zao. Mimi sijalia bado. Walikuwa wananitazama wakingoja, nikawa nawapa chai.

Kikombe chako cha bati kiko pale pale msumarini. Tangu utoke jeshi la Mwingereza, kabla ya Uhuru, hakuna mwingine aliyekinywea. Ulituambia ulikuwa jangwani, ng'ambo huko, "kufagia tu," na tusiulize zaidi. Hata miwa ulitumenyea kwa kisu, si kwa meno kama baba za wenzangu. Nilidhani ni maringo ya jeshi.

Ikaja siku ya harusi yangu. Padri alinuna, lakini desturi ya kutasa nani angeacha? Baba hutaja lililomkera moyoni, akapiga funda la maji ya miwa, akampulizia binti, hasira ikaisha hapo. Asiyefanyiwa huondoka na kinyongo cha babake mgongoni. Nikapiga magoti. Shangazi akakuletea kibuyu. Ukakishika, ukakitazama, ukamrudishia.

"Baba, nimekukosea nini?"

"Nenda, mwanangu. Nenda tu."

Nikaenda, si ulisema? Nikakaa Voi kwenye nyumba za reli na mume wangu Mluhya, nikijua ni yeye usiyemtaka. Kila Krismasi nilikuja, nikakupa mkono, nikarudi. Miaka kumi na miwili! Nilikukasirikia, Baba, sikufichi. Habari ya kifo chako ilinikuta nakunja nguo, nikaendelea kukunja.

Juzi, tulipokuzika, alikuja mzee mmoja kutoka Marungu, kibogoyo, mliyekuwa naye jeshini. Akaniambia mlipelekwa pale Wazungu walipojaribia bomu lao kubwa, mkazika malori na vyuma, mkafagia vumbi. Maafisa walivaa vinyago vya kujikinga, nyinyi mkajifunga leso.

"Tuliambiwa vumbi lile likiingia kinywani halitoki," akasema. "Babako akaapa mate yake hayatamgusa mtoto wake."

"Hata kwa kutasa?"

"Hasa kwa kutasa."

Nikamuuliza juu ya mume wangu. Mzee akacheka. "Mkwe wake wa reli? Alimsifu mpaka tukachoka."

Sikujua niweke wapi uso wangu. Ungeniambia neno moja tu, Baba, nami ningelificha. Lakini mliambiwa mnyamaze, ukanyamaza mpaka kaburini. Na kwenye jeneza lako hapakuwa na bendera wala nishani. Ama kweli, asante ya punda ni mateke.

Kwa hiyo leo asubuhi nimekata muwa wako wa nyuma ya nyumba, nikautwanga, nikakitungua kikombe chako, nikayatia maji yake. Mama akapiga kelele, "Wee! Hicho usinywee!" Nikaenda nacho kaburini. Nikapiga magoti, nikasema yote ya miaka kumi na miwili, hata yale ya aibu. Nikapiga funda, nikakupulizia juu ya udongo.

Halafu nikapiga funda la pili. Hilo lilikuwa lako kwangu, lile la siku ya harusi. Nikalimeza.

Pumzika, Baba. Umemaliza kufagia.

Ni mimi binti yako, mke wa yule mkwe uliyemsifu.