Mikono ya Mzee Filimbi

3 Februari

Mwanangu,

Natumaini u mzima, na mkwe wangu pia. Sisi huku tunapumua. Mama yako analalamikia goti, nami nalalamikia anavyolalamika.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe. Nimesikia kwa shangazi yako, si kwako, kwamba umejiandikisha katika mashindano ya kuogelea karibu kilomita mbili, kuendesha baiskeli kilomita tisini, kisha kukimbia ishirini na moja, yote siku moja, bila kupumzika. Nilimwambia arudie. Akarudia. Wewe ni mwoka mikate mwenye miaka thelathini na minane! Ukitoka kwenye tanuri miguu huvimba, umeniambia mwenyewe. Kuogelea kwenyewe ulijifunza mwaka juzi, pamoja na watoto wa chekechea. Nani amekutuma? Ungeniuliza mimi, niliyechezesha mpira nusu ya maisha yangu, nisingekuficha.

Jiondoe mapema, kwa heshima. Mimi siji kutazama.

Baba yako

21 Februari

Shikamoo Baba,

Sisi hatujambo. Mama alikande goti kwa maji ya moto, na wewe mwache alalamike.

Sijiondoi. Tena nani kakualika? Mtaa mzima unakuita Mzee Filimbi kwa ajili ya kutoa watu nje, nami nakujua kuliko mtaa. Fainali ya shule, nikiwa na miaka kumi na mitano, nilizuia mpira kwa mkono langoni, ukanionyesha kadi nyekundu. Sikatai, nilikosa. Lakini nilikuita, "Baba!" Ukanijibu mbele ya shule nzima, "Hapa sina mtoto." Nikatoka nalia, wewe ukapuliza filimbi mchezo uendelee.

Safari hii nitatoka nikiwa nimemaliza. Maji siyaogopi tena. Kinachoninyima usingizi ni pancha tu, na hiyo nayo naifanyia mazoezi: kila jioni nafungua gurudumu sebuleni, mume wangu anaruka matairi akienda kula.

Wewe baki nyumbani kwa amani.

Binti yako

15 Juni

Baba,

Shikamoo. Hali yangu usiulize.

Nani alikwambia uje? Ulisema huji, nami nilikuamini. Nilitoka majini nikicheka peke yangu kama kichaa. Nikapanda baiskeli. Nilikuwa nimemaliza sehemu kubwa ya njia, gurudumu la nyuma likaishiwa upepo. Sikuogopa. Nilishuka, nikapiga magoti, nikatoa tyubu mpya. Mikono ilijua kazi yake.

Ghafla mtu karuka kamba, kavaa koti la harusini, pampu mkononi. Nikapiga kelele, "Baba, usiguse! Hairuhusiwi!" Wewe ukaninyang'anya gurudumu: "Nyamaza, shika hapa!"

Mwamuzi, yule dada mwembamba, akaja mbio. "Mzee, kaa kando. Mshindani hasaidiwi na mtu wa nje."

Ukamjibu kwa sauti iliyosikika hadi ng'ambo ya barabara: "Mtu wa nje nani? Huyu ni mwanangu!"

Tangu ile fainali nimelisubiri neno hilo. Ukalisema siku lilipokuwa kosa.

Walinifuta. Waliniruhusu niendelee, ila bila kuhesabiwa. Nikaendelea. Nikakimbia mbio zangu zote, na nilipovuka mstari walikuwa wameanza kukunja viti. Nikageuza shingo kukutafuta. Wakaniambia mzee mwenye pampu yuko hemani, anagombana na waamuzi.

Usiniandikie.

Binti yako, kama unavyotangaza barabarani

24 Juni

Mwanangu,

Umenikataza kukuandikia, nami naandika. Afya si haba. Moyo ndio haujatulia.

Yule msichana kazaliwa juzi, filimbi kaipata jana! Nilitia hewa tu. Hewa! Sikukusukuma, sikukubeba, sikukukatia njia. Mtu anampata mwanawe kapiga magoti barabarani, mikono imejaa grisi, wenzake wanampita mmoja mmoja, naye asimame kama mlingoti? Mwamuzi mwenye akili huangalia nia ya mtu. Nimewaandikia nikiwataka wakurudishe kwenye matokeo, na sitawaachia.

Hata ile pampu wameichukua.

Baba yako

7 Septemba

Mwanangu,

Mama yako anasema mnazungumza kwenye simu, na kwamba nikiingia chumbani unaaga. Nashukuru kusikia u mzima, hata kama nasikia kupitia mlangoni.

Yule mwamuzi amenijibu. Kwa adabu, jambo lililonichukiza zaidi. Aliniuliza swali moja: mshindani mwingine aliyepata pancha siku ile, ambaye hakuwa na baba kando ya barabara, ningemwambia nini?

Nilikaa na swali hilo nikimkasirikia yeye. Siku zilipopita nikaona hasira imemwacha, imenirudia mimi. Ningetoa kadi ileile. Tena ningeitoa upesi kuliko yeye, na nisingekuruhusu uendelee. Nimemwandikia hivyo. Pampu wameirudisha.

Lakini kutamka kwamba u mwanangu, hilo silifuti. Hilo naomba lihesabiwe.

Kinachonikera kuliko yote ni kwamba nilikuwa hemani nikizitetea mbio zako, zikaisha bila mimi kuziona. Niandikie ulivuka vipi.

Baba yako

30 Septemba

Shikamoo Baba,

Mimi mzima. Mume wangu anakusalimu. Sebule imekuwa gereji tena.

Sikuandikii nilivuka vipi. Bado nina hasira, na sitaki kuimaliza kwenye karatasi, maana itanifaa baiskeli ikipanda mlima. Nimejiandikisha upya kwa Juni ijayo. Utakuja kuona mwenyewe.

Usisimame tena njia ya baiskeli. Simama mwisho kabisa, penye mstari, nyuma ya kamba. Pampu iache nyumbani. Mama ameapa ataishona mifuko ya koti lako mikono ikiwa ndani, nami nimempa ruhusa.

Nimemuuliza yule dada mwamuzi kuhusu mdomo wako. Amesema hakuna kanuni inayoukataza. Basi nikikaribia mstari, Baba, lile neno liseme tena. Kwa sauti ileile.

Mwanao