Hodi Uliyoipiga kwa Kizulu

Mama Neema, Yaya wangu, dada yangu mkubwa,

Sikuulizi hujambo. Ningekuuliza ungenicheka, ungesema, "Furaha, weye hata marehemu unamuuliza kaamkaje!" Basi nakupa za huku moja kwa moja, na hazina utamu.

Cherehani yako ninayo mimi. Duka la Jules Street halipo tena. Walivunja mlango, wakabeba vitambaa vyote, hata yale mashati ya kwaya tuliyokuwa hatujatia vifungo, na sasa mwenye nyumba amempa mtu wa kuuza betri za magari. Cherehani waliiangusha tu wakaiacha. Inashona. Ikifika kwenye pindo nene inaruka uzi, kama zamani, nami naitukana kama zamani. Neema yuko kwangu. Amerefuka, sketi ya shule nimeshaishusha pindo mara mbili. Nikimsemesha Kiswahili ananijibu Kizulu, na siku hizi sigombi naye. Anakula vizuri. Kulala ndiyo shida.

Jumapili iliyopita alivuta kile kikapu chako cha diski kutoka chini ya kitanda. Sikuwa nimekigusa tangu tukuzike. Nilitaka kumwambia aache, lakini ningempa sababu gani? Akachagua ile ya mama mfua nguo, akaketi mahali pako, akawasha.

Eish, Yaya. Zile filamu zako.

Yule mwalimu wa Kifaransa wa Braamfontein alipohama akakuachia kikapu kizima, mimi nilitegemea vichekesho. Kumbe karibu zote ni vita vya Wazungu, Wayahudi wanasakwa nyumba kwa nyumba, na watu wa kawaida tu, mwoka mikate, mwalimu, mjane, wanawaficha darini na chini ya sakafu. Nililalamika kweli. Nilisema tumekimbia vita Bukavu, halafu Jumapili baada ya kanisa tukae tuangalie vita vya wengine? Ulisema, "Nyamaza, ule sombe," ukanisogezea bakuli la kisamvu. Ukawa unanitafsiria huku unakata nyuzi, na najua ulikuwa unaongeza yako, maana hakuna askari wa Kijerumani anayesema "toka hapa, mwana mbwa" kwa Kiswahili cha Bukavu.

Hatimaye mimi ndiye niliyekuwa naziomba. Ile ya mfua nguo tuliiona mara ngapi? Anawaficha baba, mama na mtoto nyuma ya kabati la mashuka, na yule mtoto anafundishwa sala ya dini nyingine ili askari wakimuuliza aiseme. Ulisimamisha filamu hapo hapo. "Unaona? Hiyo ni indololwane yake."

Maana na sisi tulikuwa na la kwetu. Tulishaambiwa kwamba vurugu za kufukuza wageni zikianza wanakushika, wanakuonyesha kiwiko, wanakuuliza kinaitwaje kwa Kizulu. Ukikosea, umekwisha. Ukanifundisha huku unashona, pini mdomoni: indololwane. Ulimi wangu ulikuwa unajifunga fundo. Ulicheka mpaka ukatema pini zote, tukazitafuta sakafuni kwa sumaku. Wewe Kizulu ulikisema kama mtu wa Durban. Mimi mpaka leo nikinunua mkate kwenye kile kiduka cha spaza naonyesha kwa kidole.

Na kuna yule jirani. Mfua nguo anapopelekwa na askari, jirani anasogeza pazia, anaona, halafu analifunga taratibu. Mungu wangu, nilivyomchukia! Kila mara nilimtukana: shetani, mchawi, hana tumbo la uzazi. Nikaapa, haki ya Mungu, mimi ningefungua mlango hata kama wangenichoma. Unakumbuka ulichonijibu? Hukunisifu. Ulisema, "Muache yule mama. Anaogopa." Kisha ukaniangalia. "Weye ungefungula?"

Nikasema ningefungua. Nilisema kwa sauti kubwa, mdomo umejaa sombe.

Neema alipofika kwenye pazia lile alisema anamchukia yule mwanamke. Damu yako ile, lakini maneno yangu. Halafu akaniuliza, bila kunitazama, kwa Kiswahili, yeye ambaye hasemi Kiswahili: "Tantine, siku ile mama alikuwa anakwenda wapi? Walimkuta barabara ya juu, karibu na hapa. Duka liko chini."

Nikasema sijui.

Nimewadanganya watu wengi tangu Septemba, Yaya, lakini uongo ule wa Jumapili ndio ulionishinda. Ndiyo maana naandika. Nataka kusema kwako kwanza.

Siku ile ulikuwa umekwenda dukani mchana kuchukua mashati ya kwaya. Neema alikuwa Kensington kwa rafiki yake, Mungu asifiwe. Mimi nilibaki kwangu napika. Nikasikia filimbi, kisha vioo, kisha wanaume wanaimba wakipandisha barabara. Nilifunga lango la uani, nikafunga mlango, nikasukuma meza ikabana kitasa. Nikakaa sakafuni na kisu cha vitunguu. Nilikumbuka sheria yako. Wewe ndiye uliyeiweka: siku kukichafuka, mtu asiyepiga hodi asifunguliwe. "Hodi ni yetu," ulisema, "wale hawaijui."

Ukaja. Lango la uani sikulifunga vizuri, au uliruka, sijui. Ulibisha kwa vidole, polepole. "Vula." Ukabisha tena: "Ngicela uvule, sisi." Nakuomba ufungue, dada. Kizulu safi kabisa. Walikuwa karibu, Yaya, najua sasa. Ungepiga hodi, barabara nzima ingesikia kwamba wewe ni mgeni, na mimi mgeni. Ulikuwa unatulinda wote wawili.

Kila mtu nimemweleza hivyo. Mchungaji, akina mama wa kwaya, wote. Kwamba nilisikia Kizulu, nikadhani ni wao. Wakalia, wakanishika mkono, wakasema si kosa lako, Furaha, ni mambo ya lugha.

Sasa sikiliza lililobaki. Ulibisha mara tatu. Ile ya tatu hukusema neno, ulikohoa tu. Kikohozi chako cha vumbi la pamba, kile nilichokaa nacho meza moja miaka minne. Nilikujua. Nilikujua, Yaya! Na meza sikuisogeza. Mkono ulikuwa juu ya meza, ninauona hata sasa, na haukusukuma. Nilifikiria kwamba nikifungua watatuona wote. Nilifikiria hivyo kwa maneno kamili kabisa, si kwamba nilipagawa. Kisha nikasikia viatu vyako vinaondoka mbio.

Ulikaa siku mbili hospitali, kichwa kimefungwa. Nilikuosha miguu. Hukufumbua macho, na nisamehe, kila ulipotikisa kope niliogopa kwamba utaniangalia.

Na kuna la Gogo. Yule bibi wa Kizulu wa chumba cha mbele, muuza maandazi ya magwinya, ambaye tulikuwa tunamsema kwamba ana roho mbaya kwa sababu hasalimii. Siku ile alimfungia kinyozi Mtanzania ndani ya kabati lake, nyuma ya sare zake za kanisa, akaweka kiti mlangoni akawa anamenya viazi. Walipomjia akawauliza kama wamekuja kumsaidia kumenya. Hajawahi kuona filamu hata moja kati ya zile zako. Mlango wake uko hatua sita kutoka kwangu. Ungebisha pale angekufungulia, ila uliupita ukaja kwangu. Hilo ndilo linaniamsha.

Sikuombi uniambie "anaogopa, muache." Yule wa filamu ulimsamehe, lakini yule hakuwa amekula sombe yako.

Sasa saa nane imepita. Neema atatoka shule, na kila siku akifika mlangoni anaita, "Vula, Tantine!" Maneno yako yale yale, sauti yako kabisa. Miezi mitatu nasimama kwanza nyuma ya mlango kabla sijafungua, naye anadhani mimi ni mzito wa masikio. Leo nitamfungulia na nitamwambia, kabla hajatua begi. Nitamwambia la kikohozi, si la Kizulu. Akitaka kuhamia kwa Gogo nitambebea godoro mwenyewe, na cherehani nitampelekea, ni yake. Akitaka kunitukana, matusi anayo tayari, mimi ndiye niliyemfundisha.

Meza nimeitoa nje. Inalowa mvua, na iachwe ilowe.

Pumzika, Yaya. Ulibisha vizuri. Ulibisha kwenye mlango wa mtu aliyekujua.

Ni mimi,
Furaha